Baada ya Alhamdulillahi

Ijumaa ya tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, mjini Malindi, kwenye barabara iendayo Mombasa. Waliokuwamo ndani walinusurika na majeraha. Waliokufa, watu 3, walikuwa ardhini, kila mmoja na shughuli yake. Sisi tunaoishi karibu na uwanja wa ndege tumezoea kuzisikia ndege hizi zikiruka, zikizunguka na kurudi, hata watoto hawainui tena macho. Siku ile tulikumbushwa kwamba usalama wa angani ni haki pia ya mtu ambaye hajawahi kukata tiketi ya ndege.

Siku zilizofuata, barazani watu walirudia kauli ya wazee: ajali haina kinga. Naiheshimu kauli hiyo inapomfariji mfiwa. Lakini ikitumiwa kufunga mjadala, nitaipinga, kwa sababu historia ya usafiri wa anga inaonyesha kuwa ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni mtu kusema mapema.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA ilikuwa ikishuka kuelekea Washington katika hali mbaya ya hewa. Marubani walishuka chini mno, wakagonga mlima katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulifichua jambo zito kuliko hata ukungu wa siku hiyo. Wiki 6 kabla, ndege ya shirika jingine, United, ilipita njia hiyohiyo na kuponea chupuchupu kuugonga mlima huohuo. Marubani wake walilieleza shirika lao, nao wenzao wakaonywa. Ila onyo liliishia mle ndani, kwani hapakuwa na njia ya kulifikisha kwa mashirika mengine. Watu wa TWA walikufa kwa hatari ambayo tayari ilikuwa inajulikana.

Kutokana na msiba huo, Marekani ilianzisha mwaka 1976 mfumo wa kupokea taarifa za matukio ya hatari, ukakabidhiwa shirika la anga za juu, NASA. NASA haina mamlaka ya kumwadhibu rubani, na ndiyo sababu ilichaguliwa. Jina la mtoa taarifa hufutwa, na aliyekosea bila kukusudia, akaeleza ndani ya siku 10, hupata nafuu ya adhabu.

Leo nchi zote zilizo chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Kenya ikiwamo, zinatakiwa kuwa na mfumo wa lazima wa kuripoti matukio. Hakusubiriwi ndege ianguke. Ndege mbili zikikaribiana kupita kiasi, injini ikishika moto, mafuta yakipungua hadi rubani kutangaza dharura, hayo yote huandikwa na kupelekwa kwa wahusika. Hapa kwetu taarifa hizo hufika kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Ajali na matukio makubwa huchunguzwa na idara nyingine, AAID, iliyo wizarani, ili msimamizi asijichunguze mwenyewe. Na kanuni ya kimataifa inasema wazi: lengo la pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kulaumiwa si kazi yake.

Haja ya kuripoti hatari mapema tunaijua vizuri Wapwani. Machi 2024, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani iligongana na ndege ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Oktoba 2025, ndege iliyoondoka Diani kwenda Maasai Mara ilianguka Kwale na kuua watu wote 11. Chanzo cha kila ajali ni juu ya wachunguzi kukitaja. Letu sisi ni kujiuliza tunafanya nini na zile siku ambazo ajali ilikaribia, ikapita.

Nionavyo, sisi watu wa pwani tuna kazi ngumu zaidi hapa, kwa sababu tumelelewa kusitiriana. Kumfunika mwenzako asifedheheke ni adabu njema, nami sitaki watoto wangu waikose. Lakini sitara ina mpaka. Aibu ya mtu ifunikwe. Hatari inayowangoja wengine haifunikwi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingine kifo hicho humpata jirani aliyekuwa akipita njia.

Sheria peke yake haimfungui mtu mdomo. Mtoto aliyechezea jiko akanusurika kuungua, akienda kumwambia mama akachapwa, mara ya pili hatasema. Atajifunza kuficha, na nyumba itabaki na hatari ileile, sasa bila shahidi. Ndivyo ilivyo kwa fundi aliyesahau kukaza nati, na mwongoza ndege aliyechanganya namba. Akijua kwamba kusema ni kupoteza kazi, atanyamaza na kuomba Mungu. Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili: kukosea kwa ubinadamu, na kudharau maisha ya watu kwa makusudi. Rubani anayerusha ndege akiwa amelewa hastahili kinga yoyote. Aliyeteleza akaja mwenyewe kusema, huyo ametufanyia hisani, na tumpokee hivyo.

Natamani barabara zetu zijifunze kutoka angani. Kati ya Malindi na Kilifi, matatu ikilipita lori pabaya na kuponea unywele, abiria wote huvuta pumzi, husema alhamdulillahi, kisha kila mtu hushukia kwake. Dereva anayefuata hataambiwa kona ile ina nini. Hospitalini, mgonjwa karibu apewe dawa isiyo yake. Shuleni, ukuta wa darasa una ufa. Baharini, boti inavuja na makoti ya kuokolea ni machache. Tukinusurika tunashukuru, na hadithi huishia hapo.

Shukrani ni wajibu, wala sipunguzi thamani yake. Ila naamini aliyeokolewa ana deni kwa yule atakayepita njia hiyo kesho. Basi tukishasema alhamdulillahi, tuulize swali moja kwa sauti: nani mwingine anapaswa kujua lililotokea? Tumtafute, tumweleze. Na sisi tulio wazazi, walimu, wakubwa wa kazi na viongozi, anayekuja kutwambia ukweli kabla ya msiba tumkaribishe kiti, tumsikilize hadi mwisho, kisha siku hiyohiyo turekebishe alichotuonyesha.