Safari yetu ya Bwera: mtumbwi, baiskeli na miguu

Tangu turudi kutoka Kasese, watu wanatuuliza kwenye bomba la maji, wengine wakitucheka kidogo, ati ni kweli walimu wawili wazima walienda kushindana na wavuvi? Ndiyo, ni kweli. Na kwa sababu kila bloku ina hadithi yake, hata kuna waliosikia kwamba tulizama, tumeona afadhali tuandike wenyewe.

Mashindano hayakuwa makubwa. Yale makubwa ya Kasese mnayajua, ni Rwenzori Marathon iliyoanza 2022. Haya yetu yaliandaliwa na vijana wa upande wa Bwera wakati wa likizo ya mwezi wa nane, na habari zake tulizipata kwa dereva wa lori la ndizi. Watu wanashindana wawili wawili. Mnaanza na mtumbwi kwenye Ziwa Edward pale Kayanja, halafu baiskeli mpaka Bwera, halafu mnapanda mlima kwa miguu upande wa Ihandiro na kuteremka tena mpaka sokoni. Sharti lilikuwa moja: saa haisimami mpaka wote wawili wamefika. Huwezi kumwacha mwenzako nyuma ukasema wewe umemaliza.

Sasa shida yetu. Mmoja wetu alikuwa anaogopa maji. Hatutasema ni nani, mtabahatisha.

Mwaka 2008, vita vilipofika Rutshuru, familia yake ilitoka Vitshumbi usiku, kwa mtumbwi wa injini. Alikuwa na miaka 9. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, na katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia. Mwenye mtumbwi akasema vitu vitupwe. Wakatupa magodoro, wakatupa sufuria, wakatupa gunia la maharage. Mama yake alikuwa amebeba mashine ya kushona, ile nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, amefungia kwenye kitenge. Kwa mashine hiyo alikuwa anawashonea watu nguo za shule na za arusi, na ndiyo iliyolisha nyumba. Aliitupa mwenyewe, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Mtoto alisikia tu sauti yake ikiingia majini, kisha kimya. Kuona hakuona kitu, juu ilikuwa giza. Tangu siku ile hata mto wa kufulia aliingia mpaka magotini tu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mwalimu huyo huyo ndiye huwasimulia watoto habari za Yusra Mardini, yule msichana wa Syria. Mwaka 2015 injini ya boti lao la mpira ilizimika baharini kati ya Uturuki na Ugiriki. Yeye na dada yake wakaruka majini, wakaogelea kando ya boti kwa saa tatu hivi mpaka wakafika nchi kavu. Mwaka uliofuata aliogelea kule Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, timu moja na wacheza judo wawili wa kwetu Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Watoto wanapenda sana habari hiyo. Siku moja mtoto wa mstari wa mbele akanyosha mkono: "Na wewe mwalimu, unajua kuogelea?" Darasa zima likangoja. Mwalimu akasema tufungue madaftari ya hesabu. Jioni yake tulijiandikisha.

Kambini hakuna ziwa. Muzee mmoja mwenye bwawa la samaki alitukubalia tuingie saa za jioni, maji ya kifuani, na jerikeni mbili tupu zilizofungwa kamba kama maboya. Wiki ya kwanza mwenye woga alikuwa anasimama ukingoni na taulo, anahesabu samaki. Wiki ya pili akaingia. Wiki ya nne alikuwa analala juu ya maji akishika jerikeni, macho ameyafunga kabisa. Kupiga kafi tulijifunza nje, tumekaa kwenye benchi la shule na mifagio miwili. Mkituona mnacheka, na kweli tulistahili kuchekwa.

Basi barua ya ruhusa ikapatikana, tukafika Kasese, tukalala usiku mmoja. Kasese ni joto, wandugu, na ile milima iko pale pale juu yako lakini imejifunika mawingu haionekani. Tulikodi kinga mbili kwa fundi. Moja ilikuwa na gia. Nyingine ilikuwa ile nzito ya kubebea mikungu ya ndizi, breki yake ya nyuma ni kiatu chako. Kutoka hapo ni kushuka mpaka Kikorongo, kukata kulia, na kwenda moja kwa moja mpaka Bwera. Ukipita Bwera ni Mpondwe, na ng'ambo ya mpaka ni Kasindi. Yaani tulilala karibu na nyumbani kuliko tulivyokuwa tumelala kwa miaka mingi. Mmoja wetu anasema Kinande, na Kinande na Lukonzo ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo asubuhi alipojibu "wabukire" pale kwenye chai, mama mwenye kibanda alituongezea chapati bila kudai.

Mashindano yalianza mapema sana. Waandaaji walitaka kila mtu awe nyumbani kabla ya jua kuzama. Wenyeji hawajasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe ilipovamiwa wakauawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Sisi walimu hatukuuliza mengi juu ya hilo. Tuliamka saa kumi usiku tukaenda Kayanja.

Boti la injini lilitangulia kuangalia viboko. Tulivalishwa majaketi ya kuelea, tukapewa mtumbwi wa mbao na kijana mvuvi wa kutuonyesha mstari. Akatuambia: "Musishike ukingo, mushike kafi." Mmoja wetu alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mita mia za kwanza tulizunguka kama kuku. Kisha lile boti la injini likapita karibu, wimbi likaja, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo. Hapo mwenye woga akaacha kupiga kafi. Alikaa tu, anatazama yale maji miguuni. Mwenzake akaita jina lake mara mbili, hakuitika. Tulisubiri hivyo, mtumbwi unayumba, wengine wanatupita. Halafu akainama, akaokota kikombe cha plastiki kilichokuwa sakafuni, akaanza kuchota na kumwaga. Alichota mpaka mbao zikaonekana. Akasema, "Twende."

Tulitoka majini wa mwisho kabisa.

Kwenye baiskeli tuliwapata wengine kidogo. Njia inapita kwenye mashamba ya pamba, vumbi tupu, na mahali fulani humo tulivuka Ikweta bila kujua, maana Ziwa Edward liko kusini yake kidogo na Bwera iko kaskazini yake kidogo. Pancha tulipata moja, bila shaka kwenye ile ya gia. Ile ya ndizi haikuumwa hata siku moja.

Mlima ndio uliotunyoosha. Ukishuka kwenye baiskeli, miguu inakuwa kama umeazima kwa mtu. Njia ya Ihandiro inapanda katikati ya kahawa, na akina mama wanashuka na vikapu mgongoni bila hata kuhema. Yule wetu asiyeogopa maji, ambaye wiki nne alikuwa anamchekelea mwenzake bwawani, alikamatwa na mkakamao akakaa chini, akasema yeye amefika, asalimiwe nyumbani. Mwenzake alimkanda mguu, akamvuta, akamwambia mambo ambayo hayaandikwi kwenye jarida la familia. Tukateremka polepole, mkono begani, kwa sababu saa ilikuwa inatungoja wote wawili.

Tulikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kila jozi iliyomaliza ilipewa kilo mbili za chumvi ya Katwe, ile ya mawe. Tukasema "wasingya", tukakaa chini ya ukuta wa soko tukala ndizi bila kuongea.

Chumvi tuligawana. Fungu moja lilikwenda kwa yule mama wa mashine ya kushona. Hapo labda mtamtambua mtoto wake, basi, hatuna la kufanya. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Aliipokea, akaweka punje moja ulimini, akasikiliza habari yote mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza jambo moja:

"Na lile ziwa, maji yake ni ya rangi gani?"

"Ya kijani, mama. Mchana ni ya kijani."

Akasema, "Aa." Akavuta ungo karibu, akaendelea na maharage yake.