Majina Ndani ya Kontena

Watu wa Nairobi wakisikia ninaishi Kamere, karibu na Olkaria, hudhani kwetu stima haipotei. Kweli tuko kwenye chimbuko. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, megawati 15 tu, na leo hakuna chanzo kingine kinachoipa Kenya umeme mwingi kuliko mvuke wa ardhini. Lakini umeme haurukii dirishani kwa jirani. Unapanda nyaya kubwa, unaingia gridi, halafu unarudi kwetu kwa njia ndefu kama kwa mtu mwingine yeyote. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipozimika, nasi tulitafuta mishumaa kama nyinyi.

Sasa fikiria kuweka seva mahali kama hapa. Yangu ni laptopu kuukuu iliyokufa betri, inayolala chini ya meza ikiendesha Linux. Juu yake kuna Docker, na ndani ya Docker kuna kontena nne. Ukitaka kuelewa kontena za kompyuta, simama Mai Mahiu utazame malori. Dereva hajali kama ndani ya sanduku kuna mitumba au friji, mradi sanduku linakaa kwenye trela. Docker, iliyotambulishwa mwaka 2013, inafanya hivyohivyo: kila programu inafungwa pamoja na mahitaji yake yote, na mashine yoyote inaweza kuibeba.

Kontena moja ni albamu ya familia. Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba, na aliacha bahasha nne za picha: vijana wenye helmeti wamekaa juu ya bomba, wengine wamesimama mbele ya lori, wengine wanakula ugali kwenye vumbi. Nilizipiga skani zote. Mwaka jana Mama alikuja kukaa nasi wiki moja, na kila jioni tuliketi naye akiniambia nani ni nani. "Huyu ni Baba Njeri. Huyu walimwita Msumari, jina lake halisi ngoja nikumbuke." Wakati mwingine alikumbuka, wakati mwingine alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba chai. Kumbukumbu yake imeanza kumkimbia, na sisi sote nyumbani tunajua.

Nakala ya akiba hujiandika kila Jumapili usiku. Mama alianza kutaja majina Jumatatu. Alhamisi stima ikakatika ghafla, ikarudi, ikakatika tena. Iliporudi mara ya mwisho laptopu iliwaka vizuri, lakini Docker ikagoma. Kontena zote nne, kimya. Picha zenyewe zilikuwa salama kwenye diski ya pembeni. Majina ya siku nne hayakuwa popote pengine duniani, isipokuwa kwenye kichwa cha mwanamke wa miaka 68.

Niliuliza mashine hali yake kwa `systemctl status docker`. Jibu la mwisho lilikuwa kwamba programu imeombwa kuanza mara nyingi mno kwa haraka, kwa hivyo haitajaribu tena. Wengi hukwama hapo. Wanakopi mstari huo, wanautafuta mtandaoni, na wanakutana na dawa moja inayopendwa sana: futa folda yote ya `/var/lib/docker`, uanze upya. Docker itaamka, ndiyo. Lakini humo ndimo zinamokaa data za kontena, yakiwemo majina ya Msumari na wenzake. Ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

Mstari wa mwisho hausemi ugonjwa, unasema tu kwamba mgonjwa amechoka. Sababu huwa imeandikwa juu zaidi, kwenye jaribio la kwanza. Kwa hivyo nilifungua logi kwa `journalctl -u docker` na kupanda polepole, mstari kwa mstari, hadi dakika stima iliporudi. Pale ikasema wazi: imeshindwa kuanzisha mtandao wake wa ndani. Docker ina daftari dogo, faili liitwalo `local-kv.db`, ambamo huandika mitandao ya kontena zake. Stima ilikatika daftari likiandikwa, ukurasa ukabaki nusu.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili data zote kwenye diski ya pembeni. Hiyo ilichukua saa nzima, na Mama alikuwa akiuliza kutoka sebuleni, "Mwanangu, imepona?" Kisha sikufuta lile faili. Nililibadilisha jina tu, ili likihitajika liwepo. Nikaiwasha Docker, ikajiandikia daftari jipya. Kontena tatu zikaamka zenyewe. Ya nne, albamu, ikalalamika haioni mtandao iliouzoea. Nikaiunda upya, maana kontena ni sanduku tu na data haikai kwenye sanduku. Nikafungua ukurasa. Baba Njeri alikuwepo. Msumari alikuwepo, na jina lake halisi chini yake.

Watu hunishangaa, kwa nini nisiweke kila kitu kwenye simu kama wengine. Labda kwa sababu wanaume wa zile picha walilaza mabomba ambayo bado yanapitisha mvuke, na sijaona popote majina yao yameandikwa. Nikiyaweka chini ya meza yangu, angalau najua yako wapi, na yakinyamaza najua pa kuanza kusoma.

Juzi Mama alipiga simu akiangalia picha moja niliyomchapishia. "Huyu kijana mwenye helmeti imepinda, ni nani huyu?"

Nikafungua albamu, nikamsomea jibu lake mwenyewe.

"Eeh," akasema. "Nani amekuambia?"