Mmoja Kati ya Wanne



Wiki chache zilizopita mwanafunzi wetu wa darasa la saba aliniletea kazi yake ya hesabu aliyopewa kwenye shule ya siku za wiki. Swali lilikuwa hivi: mfuko una gololi nne, tatu nyeupe na moja nyekundu. Ukiingiza mkono bila kuchungulia, kuna uwezekano gani wa kutoa nyekundu? Alijibu vizuri: moja kati ya nne, yaani robo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nikitoa mara nne, na kila mara nikairudisha gololi mfukoni, lazima nipate nyekundu mara moja?"

Nilinyamaza kidogo. Swali hilo nilikwisha kulisikia zamani, nyumbani kwetu Muheza, mkoani Tanga, na aliyekuwa nalo ni mama yangu.

Kwetu tulizaliwa watano. Dada yangu, kifungua mimba, aliumwa tangu utotoni. Vidole vilivimba, mifupa ilimuuma akalia usiku kucha, damu ikawa inapungua kila mara. Hospitali walisema ni selimundu, ugonjwa ambao Wakenya wengi huuita siko seli, na ndugu zetu wa Congo husema tu "SS". Mhudumu mmoja alimweleza mama kwamba yeye na baba wote wamebeba mbegu ya ugonjwa huo bila kuumwa, na kwamba uwezekano wa mtoto wao kuugua ni mmoja kati ya wanne.

Mama alirudi nyumbani na hesabu yake. Mmoja amekwisha kuumwa, basi watatu wanaofuata ni wazima. Nikazaliwa mimi, mzima. Akazaliwa mdogo wangu wa kwanza, mzima. Wa nne akazaliwa na selimundu. Mama aliamini kwamba kuna mahali amekosea, na majirani wakamsaidia kuamini hivyo: huyu anasema kuna mkono wa mtu, yule anasema ni laana. Mdogo wangu huyo alifariki akiwa na miaka minane. Mama aliendelea kujiuliza kwa nini hesabu ilimgeuka.

Basi Jumamosi iliyofuata niliweka kitabu kando, nikamwaga sarafu za senti 25 juu ya meza. Hapa Kanada sarafu hiyo ni robo ya dola. Upande mmoja ina kichwa cha malkia au mfalme, na upande wa pili yule mnyama wa theluji mwenye mapembe, caribou, ambaye watoto wetu wanamwita "karibu" na kucheka kila wakimwona. Kule kwetu tulikuwa tunasema kichwa au mwenge. Hapa tukasema kichwa au karibu.

Watoto walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na sarafu mbili: moja ya baba, moja ya mama. Niliwaeleza kwamba kila mtu ana jeni mbili za kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni ya kawaida tunaiita A, ya selimundu tunaiita S. Mbebaji ana A moja na S moja. Anapopata mtoto humpa moja tu kati ya hizo, na hachagui. Ni kama kurusha sarafu. Kichwa ni A, karibu ni S.

Ukirusha sarafu mbili, matokeo ni manne:

Kichwa na kichwa: AA, mtoto mzima asiyebeba.
Kichwa na karibu: AS, mbebaji, haumwi.
Karibu na kichwa: SA, naye ni mbebaji.
Karibu na karibu: SS, ana selimundu.

Kila sarafu ina nusu ya uwezekano wa kuangukia karibu. Nusu ya nusu ni robo. Hapo ndipo yule "mmoja kati ya wanne" anapotoka.

Kisha nikamwambia kila mtoto arushe mara nne, yaani azae familia ya watoto wanne. Kelele zilikuwa nyingi na sarafu mbili zilipotelea chini ya kabati. Tulipoandika matokeo ubaoni, familia nne hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Familia sita zilikuwa na mgonjwa mmoja, moja ilikuwa na wawili, na moja ilikuwa na watatu. Aliyepata watatu alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Aliziangalia sarafu zake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nilimwambia mbele ya wenzake: hukukosea popote. Umerusha kama wote walivyorusha.

Hili ndilo ningependa mlishike, wakubwa kwa wadogo. Sarafu haikumbuki. Haijui kwamba mara iliyopita iliangukia karibu, na haina deni la kulipa mara hii. Kila mtoto anayezaliwa na wazazi wabebaji ana uwezekano ule ule wa robo, hata kama waliomtangulia walikuwa wazima wote au wagonjwa wote. "Mmoja kati ya wanne" si foleni ya benki, kwamba mmoja akishahudumiwa wengine wanapita.

Nilikaa na kikokotoo nikapiga hesabu. Katika familia 100 za namna hii zenye watoto wanne, tutegemee karibu 32 zisiwe na mgonjwa, karibu 42 ziwe na mmoja tu, na 26 hivi ziwe na wawili au zaidi. Kwa hiyo ile familia ambayo watu wengi wanaifikiria, yenye mgonjwa mmoja tu, haifiki hata nusu ya familia zote. Lakini tulipojumlisha darasa zima, marusho 48, tulipata SS 11. Robo ya 48 ni 12. Ukirusha mara chache lolote laweza kutokea, lakini kadiri unavyorusha mara nyingi ndivyo unavyoisogelea robo.

Sasa swali la darasa la nane. Mimi sikuumwa. Kuna uwezekano gani kwamba ni mbebaji? Wengi walisema nusu. Hebu rudini kwenye matokeo manne. SS ifuteni, maana mnajua siumwi. Yamebaki matatu, na mawili kati yake ni ya mbebaji. Jibu ni theluthi mbili. Ukijua jambo jipya, hesabu nayo inabadilika.

Nilipopata mimba ya kwanza hapa Toronto, theluthi mbili hizo sikuzitoa kichwani. Nilipima, nikakuta ni AS. Mume wangu akapima, yeye ni AA. Sarafu yake ina kichwa pande zote mbili. Watoto wetu hawawezi kuugua selimundu, ila kila mmoja ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji kama mimi.

Na kuhusu laana: daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo mwaka 1949. Akakuta wabebaji ni zaidi ya 20 kati ya watu 100 pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni wachache sana kule milimani kwenye baridi. Mwaka 1954 alionyesha sababu: S moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wabebaji walipona malaria wakaishi na kuzaa. Jeni hiyo iko kwetu kwa sababu iliokoa watoto wengi, ingawa wale wenye S mbili waliumia.

Wazazi, watoto wanaozaliwa Ontario hupimwa selimundu kwa matone ya damu ya kisigino. Kipimo hicho kiliongezwa mwaka 2006. Lakini wengi wetu, na baadhi ya watoto wetu, hatukuzaliwa hapa. Kama hujui hali yako, mwombe daktari wa familia kipimo. Ni damu kidogo tu. Na vijana wetu wajue hali zao kabla ya kuoana, si baada.

Jioni ile nilimpigia mama simu Muheza. Baada ya shikamoo na habari za mvua nilimsimulia sarafu zetu na yule binti aliyepata watatu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hata ningefanya nini, ingekuwa vile vile?"

Nikamwambia, "Ndiyo Mama. Vile vile."

Akasema, "Haya mwanangu," akaniuliza kama wajukuu wamekula.

Kazi ya nyumbani: chukueni sarafu mbili, mrushe mara 40 pamoja na mzazi, mwandike matokeo kwa Kiswahili. Jumamosi tutayajumlisha ya darasa zima tuone kama tumeisogelea robo. Na sarafu mje nazo, maana zile za chini ya kabati bado sijazipata.