Makole, zabibu haziishii kwenye mvinyo

Nyie wa Dar mnaotaniana kila siku kwamba Dodoma ni vumbi na wabunge, leo nawapeleka Makole. Visingizio vya safari sasa hamna. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakuchukua Dar asubuhi na mchana uko Dodoma unatafuta pa kula, magoti yako yakiwa bado yanakunjika. Ukifika achana na zile hoteli za mazulia. Mwambie dereva wa bodaboda akushushe Kituo cha Afya Makole, anakijua, halafu ingia mitaa ya nyuma kwa miguu. Kama ni Agosti au Septemba usiulize njia kwa mtu. Fuata pua yako.

Utakachonusa ni mdalasini. Mdalasini na karafuu, na chini yake harufu nyingine tamu, nzito, kama mtu ameunguza sukari kidogo halafu akaiwahi. Mgeni atadhani kuna harusi. Hamna harusi, bwana. Kuna mama kakaa kwenye kigoda uani, mbele yake sufuria pana, mkononi mwiko mrefu kama wa kusongea ugali wa shule, na ndani ya sufuria zabibu zinakwenda polepole kuwa kitu kingine kabisa.

Jina lake kaniomba nisiliandike, na sababu mtaiona mbele ya safari. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita mwanangu, tukaelewana.

Kwanza tuweke mambo sawa kuhusu zabibu zenyewe, maana kuna watu wanazila tu barabarani bila kujua zimetokea wapi. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, nje kidogo ya mji, waliotaka divai ya misa. Nchi ya Wagogo ni kame, mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yanateseka hapo, lakini mzabibu unacheka. Jua linausukumia sukari kwenye tunda. Tena unavunwa mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kwenye Februari na Machi, mara ya pili Agosti na Septemba. Ulaya yote yenye majina makubwa ya mvinyo inavuna mara moja tu. Hilo tuwapige nalo.

Ila mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hacheki kama mzabibu wake. Mnunuzi mkubwa ni kiwanda cha mvinyo, na kiwanda kina tangi lake na ratiba yake. Tangi likijaa, zabibu za shambani hazisubiri. Siku chache juani zinaanza kuchacha, nyuki wanakuja, bei inaporomoka. Kuna misimu watu wamemwaga mazao yao kwa machungu. Na hata msimu mzuri huwa kuna zile zilizopukutika kwenye kichala, zipo chini ya kreti, nzima lakini peke yake peke yake. Mzungusha ndoo wa mjini hazitaki, anataka kichala kinachopendeza machoni. Kiwandani nako hazina heshima.

Huyu mama anazitaka hizo hizo. Anazipata kwa bei ya kutupa, asubuhi mapema, kabla jua halijazilainisha.

Sasa sikilizeni anavyofanya, dada zangu na kaka zangu mnaopanga chumba kimoja na jiko la gesi la mtungi mdogo. Hata nyie mnaweza. Ndoo ya kilo tano anaichambua, yenye ukungu anatupa, vikonyo anatoa, anaosha mara mbili. Zinaingia kwenye sufuria na maji kidogo tu, kikombe kimoja, ili zisishike chini kabla hazijatoa maji yake. Nusu saa hivi ngozi zinapasuka na sufuria inakuwa ya zambarau. Anaipua, anamimina kwenye chujio, anasugua kwa mgongo wa upawa mpaka kwenye chujio zinabaki mbegu na maganda makavu. Hapa usiwe mvivu. Zile zabibu nyekundu za Makutupora zina mbegu, na mbegu moja ikipita jino litakukumbusha. Lakini nyama iliyoganda kwenye ganda lazima uisugue yote, maana hiyo ndiyo inayofanya kitu kishikamane baadaye. Ukikamua maji matupu utapata juisi.

Uji unaorudi jikoni ndiyo unaanza safari ndefu. Moto mdogo, mdogo kabisa, mkaa umefunikwa majivu. Sukari anaweka robo ya uzito wa uji, basi. Jamu ya dukani inaweza kuwa nusu sukari nusu tunda, ndiyo maana inakaa kabatini mwaka mzima. Hii haina ulinzi huo, inategemea kupikwa mpaka maji yaishe. Vijiti viwili vya mdalasini, karafuu nne, iliki amezitwanga na maganda yake, tangawizi kipande cha kidole. Mahali pa limau anatumia ukwaju, kijiko kimoja cha ule mzito. Niliuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu niliyeuliza kwa nini maji ni ya kunywa. "Mwanangu, ukwaju ndio uko hapa. Limau nikanunue?"

Hivyo viungo havioti Ugogo, mnajua. Vinapanda kutoka milima ya Uluguru kule Morogoro, na karafuu za Unguja, kwa njia ile ile iliyofungua mji huu. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma 1910, na kabla yake misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipumzika Ugogo na kulipa ushuru kwa machifu ili wapate maji ya visima. Kwa hiyo sufuria ya Makole ina pwani na bara ndani yake, na wala hakuna aliyeitisha semina.

Saa tatu. Saa tatu nzima anakoroga, kwanza kwa nafasi, mwisho bila kupumzika, kwa sababu ikikaribia kuiva inaanza kurusha. Inapiga mapovu makubwa, pwaa, kama uji wa ulezi wenye hasira, na tone likikupata mkononi utalia kwa mama yako. Ndiyo maana ya mwiko mrefu na khanga iliyozungushwa mkononi. Kujua imeiva ni rahisi. Anachota kidogo anaweka kwenye sahani ya baridi. Kama pembeni panatoka maji, bado. Kama imekaa palepale, inang'aa, haitembei, anatoa vijiti vya mdalasini na karafuu na kujaza chupa ikiwa bado ya moto. Chupa na mifuniko vyote vimechemshwa, na hapo hana mzaha. Kilo tano za zabibu zinatoa kilo mbili hivi, pungufu kidogo. Ikifunguliwa ikae kwenye friji na uimalize ndani ya wiki mbili tatu. Ukiona povu au harufu ya pombe, tupa, usijifanye mjasiri.

Wazungu kitu cha namna hii wanakiita siagi ya matunda, na hakina hata tone la maziwa. Ni kwa sababu kinapakika kama siagi. Huko Pennsylvania, Marekani, wahamiaji wa asili ya Kijerumani walikuwa wanapika matofaa hivyo hivyo nje, kwenye masufuria makubwa ya shaba, majirani wakipokezana mwiko kutwa nzima. Mama wa Makole hajawahi kufika Pennsylvania. Anakiita zabibu nzito, na mimi naona jina lake limekaa vizuri zaidi.

Ladha? Kwenye chapati ya moto ni noma. Kwenye muhogo wa kuchemsha ni noma mara mbili. Ila aliyenifungua macho ni kijana mmoja mchoma nyama wa jirani, aliyepaka kijiko kimoja juu ya mbavu za mbuzi zikiwa bado jikoni. Mafuta, moshi, karafuu. Nilinyamaza kwa muda, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Haya, sasa lile la jina.

Nyumba anayokaa ni ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja. Ua huo ndio kiwanda chake. Ndio uliomlipia binti yake chuo mwaka wa kwanza na wa pili. Lakini Makole ya leo siyo ile ya zamani. Tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, siyo yale maneno yaliyokuwepo tangu uamuzi wa 1973, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji Aprili 2018, kiwanja kilicho karibu na katikati kimekuwa dhahabu. Nyumba za ua zinashuka, ghorofa zinapanda. Mwenye nyumba wake kapata mteja. Hajatoa notisi rasmi, anakuja tu jioni, anasimama mlangoni, anaangalia moshi, anasema moshi unachafua ukuta. Ukuta huo una miaka haujaona rangi.

Nikamwambia si uhamie pembeni, huko Nzuguni viwanja bado vipo. Akasema zabibu anaweza kuzifuata popote, wateja hawezi. Wanaonunua ni wafanyakazi wa ofisi wanaopita kwa miguu wakitoka kazini, wananusa, wanaingia. Akikaa mbali itabidi apeleke dukani, na dukani wanataka lebo na alama ya TBS, kwenye TBS wanataka jengo la kupikia, siyo ua wa wapangaji sita. Ameshakwenda SIDO kuuliza mafunzo, hajakaa kulia. Ila jengo ni jengo. Gesi aliijaribu ili kumpunguzia mwenye nyumba moshi, na kwa saa tatu za kila sufuria mtungi ulimaliza faida yote. Ninavyomwona mimi, ana msimu mmoja, au miwili kama mteja wa mwenye nyumba atachelewa na benki.

Kwa hiyo fanyeni haraka. Chupa zinakuwepo mpaka mwisho wa Septemba, halafu ni mpaka Februari. Nenda kwenye saa kumi na moja jioni, ndipo anapojaza. Ukifika mlangoni salimia kwanza, sema mbukwenyi, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, maana ukiingia na "mambo vipi" atakuhudumia lakini hatakuonjesha. Na beba chupa tupu yenye mfuniko unaobana. Anayekuja na ya kwake anapunguziwa.