Jinsi Tulivyojifunza Kukaa Simbo

Mimi si mzaliwa wa Kigoma. Nilizaliwa Pangani, na nilipokuwa na umri wa miaka 11 baba yangu, ambaye ni mwalimu, alipata uhamisho wa kuja kufundisha Simbo. Tulisafiri kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, kwa ile Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 wakati wa Wajerumani. Mama alichukua nazi 20 katika gunia. Baba alipomcheka, mama alisema, "Huko niendako sikujui, lakini nazi nazijua."

Basi, tulipofika Simbo tuliona kila jambo ni geni. Sisi watu wa pwani tulidhani twajua kusalimiana kuliko watu wote, kumbe Waha wametupita! Wao husalimiana kwa kupiga makofi polepole, wakiulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba, wala hawana haraka. Chakula hupikwa kwa mawese, mafuta mekundu ya mchikichi. Na hata kokwa zake, ziitwazo mise, hazitupwi, bali hukamuliwa mafuta. Mama alipouona mchuzi mwekundu namna ile alisema una kutu.

Siku ya pili bibi mmoja jirani alituletea ugali wa muhogo na bakuli la dagaa waliopikwa kwa mawese. Mama alimshukuru sana, kisha alipokwisha kwenda akaninong'oneza nikamwage. Niliwapa kuku nyuma ya nyumba, nikaliosha bakuli, nikalirudisha tupu.

"Mmekula, mjukuu wangu?" bibi aliniuliza.

"Tumekula, Bibi. Kitamu sana," nikajibu.

Alifurahi, na kesho yake akaleta tena. Hata siku ya tatu akaleta. Nami kila siku nilisema uongo ule ule.

Haikupita wiki, mdogo wangu akashikwa na homa kali usiku. Baba alikuwa amekwenda mjini Kigoma kwa kazi, hakurudi. Mama alisimama mlangoni akitaka kupiga kelele, lakini asijue amwite nani, maana hakuwa amejifunza jina la mtu hata mmoja. Bibi yule alisikia mtoto akilia, akaja bila kuitwa. Alimfunga mgongoni kwa kanga yake, akatangulia gizani kwenda zahanati, nasi tukamfuata. Ilikuwa malaria. Mtoto alipata dawa, akapona. Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno.

Zilikuwa zimebaki nazi mbili tu. Mama alizikuna zote, akapika wali, akalijaza bakuli, akanituma kwa bibi. Nilipofika nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Chakula chako chote walikula kuku."

Bibi alicheka. "Najua, mjukuu wangu. Tangu siku ya kwanza kuku wenu walikuja uani kwangu na midomo myekundu."

"Mbona basi uliendelea kuleta?"

"Kwa sababu nilijua bado hamjala."

Mwaka huu mwalimu wetu alitusimulia habari za mama mmoja Mwingereza, Vanne Goodall, aliyefika Kigoma mwaka 1960 pamoja na binti yake Jane, aliyekuja kuwachunguza sokwe wa Gombe. Serikali ya wakati ule haikukubali binti akae porini peke yake, ndipo mama akafuatana naye. Waliukuta mji umejaa watu waliokimbia Kongo, iliyopata uhuru tarehe 30 Juni mwaka ule, nao wakasaidia kuwatengenezea chakula kabla ya kwenda Gombe tarehe 14 Julai. Huko wote wawili waliugua malaria. Binti alipokuwa akipanda vilima, mama aliwapa wavuvi dawa ndogo ndogo, na hivyo wakazoeana. Jane alipofariki mwaka 2025 alisifiwa duniani kote kwa ajili ya sokwe. Mimi nilimfikiri zaidi mama yake, ambaye alikuwa mgeni kama sisi, lakini hakukaa na mlango umefungwa.

Wasomaji wenzangu, kila mwaka shuleni kwetu huja watoto wa Kidato cha Kwanza kutoka mbali, nasi huwacheka kwa lafudhi yao na kwa chakula wanachokiacha sahanini. Naomba tukumbuke kwamba huenda bado hawajala.

Likizo iliyopita tulikwenda Pangani kuwaona ndugu. Safari hii mama alichukua madumu mawili ya mawese. Alipika dagaa, akampakulia shangazi yangu. Shangazi aliutazama mchuzi ule, akashukuru sana, akachukua sahani yake akaenda nayo nyuma ya nyumba. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu kawatazame kuku."