Mwalimu wa Chai Afungapo Sanduku Kyoto

Katika mji wa Kyoto, Japani, yako maduka yasiyouza kitu kingine ila vyombo vya chai. Si vyombo kama vyetu vya chai ya asubuhi. Ni vya chanoyu, yaani ile desturi ya kale ya kumwandalia mgeni chai kwa utaratibu na ukimya, ambayo Wajapani hujifunza miaka mingi. Baadhi ya wateja wa maduka hayo ni walimu waendao ng'ambo kuwafundisha watu ambao hawajapata kuiona. Mwalimu wa namna hiyo ana taabu yake: vyombo ni vingi, na sanduku ni moja. Achukue nini, aache nini?

Birika la chuma huachwa kwanza, maana ni zito mno. Kwa wanaoanza uko utaratibu mfupi, uitwao bonryaku, unaofanyika juu ya sinia. Sinia, birika na chombo cha kumwagia maji yaliyokwisha kutumika hupatikana kila nchi. Hata magoti yamefikiriwa. Mwaka 1872 palikuwa na maonyesho makubwa Kyoto, na wageni hawakuweza kukaa wakipiga magoti kwa muda mrefu. Basi mkuu mmoja wa chai, Gengensai, akatengeneza utaratibu wa kutumia meza na viti, nao unafuatwa mpaka leo.

Lakini kiko kitu kisicho na badala: kikorogeo cha mwanzi, au chaseni. Kwa kukitafuta yafaa kutoka Kyoto kwenda kusini, mpaka kijiji cha Takayama katika mkoa wa Nara, ambako kazi hii imefanyika miaka kama 500. Mwanzi hukatwa wakati wa baridi, huchemshwa ili mafuta yatoke, kisha husimamishwa mashambani mpaka ubadilike rangi na kukauka sawasawa. Fundi huchukua kipande kimoja tu, kirefu kama kiganja cha mkono. Hukipasua upande mmoja, akapasua tena na tena, mpaka apate vijiti 80, au 100, au hata 120. Kila kijiti hukichonga kwa kisu kidogo mpaka kiwe chembamba kabisa, akakikunja ncha. Halafu hufungwa uzi. Hakuna gundi wala msumari. Nani angeweza kukibuni kitu hiki upya katika nchi ya ugenini?

Na huvunjika! Mwanafunzi mpya hukoroga kwa nguvu kama asongaye ugali, na vijiti hukatika. Kwa hiyo wengi hununua vikorogeo vya bei nafuu vitengenezwavyo China, na hilo linawauma mafundi wa Takayama. Mimi naona mwalimu angefanya vema kuwa na vya namna zote mbili: vya nafuu kwa mikono mipya, na kimoja cha Takayama ili waone kazi yenyewe.

Chai nayo ni unga wa kijani, macha, na ile ya Uji, karibu na Kyoto, ina sifa ya zamani. Michai hufunikwa isipate jua kwa muda wa siku 20 hivi kabla ya kuchuma majani, na majani makavu husagwa kwa jiwe polepole sana. Jiwe moja hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Unga ukifunguliwa huharibika upesi, basi makopo madogo ndiyo yafaayo.

Penye ubishi ni bakuli. Wengine husema asiyeshika bakuli la Kijapani hajajifunza chai. Mimi sikubali. Katika hekalu la Daitokuji, papo hapo Kyoto, limetunzwa bakuli liitwalo Kizaemon, nalo ni hazina ya taifa. Je, lilitoka wapi? Korea! Ni bakuli la udongo, lililofinyangwa bila madaha. Na Sen no Rikyu (1522–1591), mwalimu mkubwa kuliko wote wa chai, alipenda vyombo vya kawaida kama vile mabuyu na vikapu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mkatoliki Takayama Ukon (jina la kijiji kile limefanana tu), aliyefukuzwa nchini mwaka 1614, akafa Manila mwaka 1615. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2017. Basi bakuli la mfinyanzi wa nchi yo yote lafaa, bora mdomo uwe mpana. Kikombe chembamba huvunja chaseni.

Si vyombo tu vilivyovuka bahari. Sen Genshitsu, wa ukoo wa Rikyu, wakati wa vita alifundishwa urubani wa kujiangamiza pamoja na ndege yake. Mwaka 1951, vita vikiwa vimekwisha miaka sita tu, alikwenda Hawaii na Marekani, akawapa chai waliokuwa adui zake. Aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2025 akiwa na miaka 102.

Kitu cha mwisho kuingia sandukuni ni leso za hariri, fukusa. Nazo ni za kwanza kutolewa. Wanafunzi wapya hawapewi chai mara moja. Hufundishwa kwanza kuikunja leso, kuikunjua, na kuikunja tena.