Miaka ya Victor Newman

Les Feux de l'amour ni jina la Kifaransa la The Young and the Restless, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na CBS tarehe 26 Machi 1973. Waliitunga mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell. Hadithi inatokea Genoa City, mji uliopewa jina la kijiji cha kweli cha Wisconsin, lakini picha hupigwa studioni Los Angeles. Mwaka 1980 akaingia Victor Newman, tajiri asiyesahau deni wala tusi. Eric Braeden, mzaliwa wa Ujerumani, aliajiriwa kumcheza kwa muda mfupi tu. Hajatoka hadi leo.

TF1 ya Ufaransa ilianza kuionyesha Agosti 1989, na kwa Kifaransa hicho ndivyo ilivyofahamika kwa wenye madishi Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo. Kule Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Ziwa Edward, kutazama televisheni kulihitaji jenereta na esansi ya kununua. Mwenye runinga alikuwa na wageni wengi kuliko chifu. Wanawake wa soko la samaki waliingia na harufu ya makayabo mikononi, wakaketi kwenye mkeka, watoto wakasimama dirishani. Asiyejua Kifaransa alielezwa kwa Kinande na msichana wa shule: huyu amemwacha yule, na yule ana mimba ya ndugu yake. Esansi ikiisha katikati ya ugomvi, watu walibaki gizani wakiumaliza wenyewe, kila mmoja akimtetea mtu wake. Siku hiyo hakuna aliyeudhika kwa kutojua mwisho.

Aliyependwa na akina mama watu wazima ni Katherine Chancellor, mjane tajiri na mlevi, aliyechezwa na Jeanne Cooper tangu 1973. Mwaka 1984 mwigizaji huyo alifanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso, na upasuaji wenyewe ukaonyeshwa ndani ya tamthilia kama wa Katherine. Mama aliyezeeka mbele ya macho ya watu bila kufichwa: hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya kazi hii, kuliko ndoa zote za Victor. Cooper alifariki tarehe 8 Mei 2013. Kwa kuwa vipindi vya Ufaransa vilikuwa nyuma ya vya Marekani kwa miaka kadhaa, watazamaji wa Kifaransa waliendelea kumwona akigombana muda mrefu baada ya kifo chake.

Sasa kijana wa Butembo hudhani tamthilia ni kitu cha Uturuki au cha chaneli ya Novelas TV, chenye mwisho baada ya miezi michache. Anaitazama peke yake kwenye simu, anaruka sehemu za polepole, kisha hana wa kubishana naye. Ni hasara, na inauma. Marekani nako tamthilia za aina hii zimepungua: Guiding Light, iliyoanzia redioni 1937, ilifungwa 2009, As the World Turns ikafuata 2010, na Days of Our Lives ikahamishiwa intaneti 2022. The Young and the Restless ilitimiza miaka 50 mwaka 2023, na bado inarushwa na CBS.